Mama Ameenda Eldoret, Mama Halima Anaenda Mombasa

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua, ya kumfanya mtu avae sweta ndani ya nyumba. Mawingu hayajasogea tangu asubuhi.

Leo Mama amehama Nairobi.

Nimeandika hayo maneno, nikayafuta, nikayaandika tena. Wasomaji wangu, nimewazoesha hapa vituko vya kazini mtaa wa Baba Dogo na vita vyetu vya maji kule Kware. Leo sina kituko. Kama umekuja kucheka, nisamehe, pitia siku nyingine.

Kwa asiyenijua, mimi ni Nafula, karani katika ghala la sabuni. Naishi peke yangu Kware, ghorofa ya tano. Lakini nikiulizwa kwetu ni wapi, mdomo hujibu Makadara kabla sijafikiria. Ndiko nilikolelewa, katika ploti moja ya nyumba za mawe zinazotazamana, katikati uwanja mdogo wa saruji, bomba moja la maji, na kamba za nguo ambazo ukipita lazima uiname. Tulihamia pale nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa mtu wa reli. Ametutoka miaka kadhaa sasa, Mungu amrehemu, lakini Mama hakutoka pale.

Mlango wetu unatazamana na mlango wa Mama Halima.

Sijui nimweleze vipi Mama Halima kwa mtu asiyemjua. Alikuja Nairobi kutoka Isiolo akiwa bibi arusi, mumewe akiuza nguo soko la Gikomba. Mama alikuja kutoka Bungoma, Kiswahili chake cha kuombea chumvi tu. Walikutana penye lile bomba. Mama Halima alimfundisha kusukuma chapati, Mama akamfundisha kupika mrenda usiokuwa na uchungu. Mwezi wa Ramadhani ukifika Mama hakukaanga kitunguu mchana mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anarudishia mlango, anakaanga, anajifuta machozi ya moshi, kisha anaufungua. Naye Mama Halima, Krismasi ikikaribia, ndiye aliyekuwa akituuliza sisi watoto kama tumeshonewa nguo.

Mume wa Mama Halima alipofariki, Mama alilala kule ng'ambo ya uwanja hadi wageni walipoisha. Baba alipofariki, Mama Halima alipanda basi la msiba nasi mpaka Bungoma, akiwa amebeba chakula chake kwenye kikapu, akakaa kwenye mkeka karibu na Mama tangu tulipofika hadi tulipozika. Wazee wa kwetu waliuliza huyu mama wa hijabu ni nani. Shangazi akawajibu, "Huyo ni dada yake wa Nairobi." Hawakuuliza tena.

Ndiyo hali niliyokua nikiiona. Nilidhani ni kawaida, kila mtu ana jirani wa namna hiyo.

Karibu na Pasaka, Mama alianguka penye bomba. Mguu haukuvunjika lakini nyonga iliumia, na tangu siku hiyo anatembea akishika ukuta. Aliyemwokota ni Mama Halima, ambaye naye ana sukari na macho yake hayaoni vizuri jioni. Kuanzia hapo Mama Halima akawa anamchotea maji, na Mama akawa anamsomea maandishi ya kwenye dawa. Mmoja alikosa mguu, mwingine alikosa macho. Wakiwa pamoja walikuwa mtu mmoja mzima.

Kisha landilodi akafa, watoto wake wakauza ploti. Aliyenunua anataka kujenga ghorofa. Hakuja kwa ubaya. Aliwaita wapangaji wote uwanjani, akavua kofia, akasema wanahitajika kuwa wamehama kabla mwezi haujaisha.

Hapo ndipo ubishi wa miji ulipoanza.

Sisi tuko watatu. Wekesa ndiye mkubwa, ana duka la dawa za mifugo Eldoret, mke na watoto. Mimi ni wa kati. Kitinda mimba ni Nanjala, yuko Perth, Australia, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku ile ile ya tangazo, kikundi chetu cha familia kwenye simu kiliwaka moto. Kila mmoja alikuwa na mji wake.

Wekesa alituma picha. Barabara za Eldoret, hospitali, soko lililojaa kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu. Akapiga picha ya chumba alichokuwa ameshaanza kukitengeneza: bafu la ndani, vyuma vya kushikilia ukutani, dirisha pana linalotazama bustani ya mboga. Hewa safi, akaandika. Maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe unayemjua. Watu wa kwetu wamejaa, kanisa la kwetu liko karibu. "Nairobi ni mahali pa kutafutia. Mtu hazeekei Nairobi."

Nanjala akaja na yake. Perth ni safi, Perth hakuna makelele, mzee anavuka barabara magari yote yanasimama. Kuna bustani ambazo mtu anaketi mchana kutwa na hakuna anayemuuliza anauza nini. Daktari anakuja mpaka nyumbani. Akatuma picha ya ufuo wa bahari, mchanga mweupe, mtu hata mmoja hayupo.

Mimi nikatetea Nairobi. Nilisema hapa kliniki inamjua Mama kwa jina. Hapa kuna akina mama wa kanisa ambao amewaongoza tangu nikiwa mtoto. Hapa akitaka ndizi anatokeza kichwa tu, muuzaji anamletea mlangoni. Hapa kuna mimi.

Wekesa akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe unaishi ghorofa ya ngapi, Nafula?"

Anajua. Jengo letu la Kware halina lifti, na siku nyingi maji tunayapandisha kwa mitungi. Mama hajawahi kuja kwangu tangu aanguke. Akiingia pale, siku ya kutoka ni siku ya kubebwa.

Jambo lililonichekesha kidogo, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba ng'ambo ya uwanja walikuwa na ubishi huo huo. Halima, rafiki yangu tangu utotoni, ameolewa Mombasa na anasema hakuna mji kama Mombasa kwa mtu mzima: joto linalegeza viungo, misikiti kila kona, samaki, watu wasio na haraka. Mdogo wake Adan yuko Marekani, Minneapolis, na yeye alishikilia kwamba kule Wasomali na Waborana wenzao wamejaa hadi duka la nyama ya ngamia lipo. Halima akamwambia, "Na theluji je? Mama akiteleza kwenye theluji utamwokota na nini?" Mjomba wao wa Isiolo naye akapiga simu kudai dada yake arudishwe nyumbani.

Eldoret, Perth, Mombasa, Minneapolis, Isiolo. Wanawake wawili wakichambua mboga uwanjani, na dunia nzima inagombaniwa juu ya vichwa vyao.

Jumapili iliyopita tulikutana kwa Mama. Wekesa alisafiri kutoka Eldoret, Nanjala tukamweka kwenye simu ya video, simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, leso magotini, akatuacha tuzungumze.

Wekesa alizungumza vizuri. Alikuwa amejitayarisha. Nanjala akamkatiza, akaanza tena habari za hospitali za Perth na bustani, mpaka Wekesa akasema, "Lakini Nanjala, wewe unashinda kazini. Mama atashinda na nani huko?"

Sura ya Nanjala iliganda kwenye kioo cha simu. Tulidhani simu imekatika. Kisha tukaona mabega yanatikisika.

"Mimi huwaogesha mama za watu kila siku," akasema. "Nawavisha soksi. Nawachana nywele. Kila siku nikimaliza najiuliza wangu anachanwa na nani." Akajifuta uso na mkono wa sweta. "Si kwamba Perth ni kuzuri. Ni mimi tu. Mimi ndiye ninayemtaka hapa."

Wekesa aliangalia sakafu. Nadhani hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba hatukuwa tukibishana habari za miji. Wekesa aliondoka nyumbani akiwa kijana kwenda kutafuta, na chumba kile chenye vyuma ukutani ni namna yake ya kusema hakusahau. Nanjala hana mtu. Na mimi, mimi ndiye niliyebaki karibu na Mama, na bado sikuwa na mahali pa kumweka.

Ndipo nikasema lile jambo nililokuwa nalo moyoni wiki nzima.

"Kwa nini tusiwaweke pamoja?"

"Nani na nani?" Wekesa akauliza.

"Mama na Mama Halima. Tutafute nyumba ya chini hapa hapa Makadara, vyumba viwili. Sisi tuchange, akina Halima wachange, tuweke msichana wa kuwasaidia. Mimi nitapitia kila jioni nikitoka kazini. Halima nimeshamdokezea, hakukataa."

Nilimwona Mama akiinua kichwa. Kidogo sana, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali.

Wekesa hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema polepole, "Nafula, mimi ni mtoto wa kwanza. Niko hai, nina nyumba, nina chumba. Halafu watu Bungoma waambiwe mama yangu amewekwa kwa nyumba ya kukodi na jirani, kwa mchango? Kama mtu ambaye hakuzaa?"

"Si jirani," nikasema.

"Najua si jirani. Wewe unajua na mimi najua. Lakini wengine hawajui."

Baadaye Halima alinipigia kuniambia kwamba kwao ilikuwa vivyo hivyo, neno kwa neno karibu. Mjomba wa Isiolo alisema mama wa Kiislamu mwenye watoto wakubwa hawezi kuachwa kwenye nyumba ya watu, hata wakiwa wema namna gani. Adan alisema heri aache kazi Marekani arudi. Kila mtu alisema kwa sababu ya mapenzi. Sikuona adui wa kupigana naye.

Basi tukamgeukia Mama. Wekesa akapiga magoti mbele ya kiti chake, jitu zima lile lenye mvi, akamshika mkono. "Mama, wewe unasemaje?"

Mama alikunja leso, akaikunjua.

"Huko Eldoret," akasema, "nikiamka asubuhi, nani ataniuliza nimelalaje?"

"Mama, sisi tutakuwa hapo."

"Ninyi mtakuwa mnaenda kazini. Watoto shule. Mimi nauliza baada ya hapo. Ile saa chai imepoa na jua halijapanda."

Wekesa aliinama. Mama akampapasa kichwani kama anavyompapasa tangu akiwa mdogo.

"Basi usihuzunike, baba. Nilikuwa nauliza tu. Nitaenda."

Mama aliamua hivyo. Kwa kumhurumia mwanawe.

Wakati Wekesa yuko nje akizungumza kwenye simu, nilimwinamia Mama nikamuuliza kwa lugha yetu ya Kibukusu kama angependa lile wazo langu, la kukaa na Mama Halima. Alitabasamu. Akasema walishaliongea wao wawili, tangu siku ya lile tangazo, wakipanga mpaka nani atalala upande wa dirisha. "Tulicheka sana," akasema. "Lakini ninyi watoto mngeonekana vibaya. Hatuwezi kuwaaibisha."

Nilitoka nje nikasimama penye bomba nikajifanya nanawa uso.

Wiki hii yote nimekuwa nikitoka Baba Dogo nikienda moja kwa moja Makadara kuwasaidia kufunga vitu. Wote wawili walikuwa wakifunga kwa wakati mmoja, milango wazi, wakizungumza kwa sauti ng'ambo hii na ile kana kwamba wanajiandaa kwa safari moja. Mama Wekesa, unachukua ungo? Chukua wewe, mimi ninao. Mama Halima, hii blanketi ni yako au yangu? Sijui, tangu ile mvua kubwa ilivyochanganya vitu vyetu sijui tena.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya sufuria. Ni sufuria kubwa sana, waliinunua wawili zamani kwa pesa za chama chao cha akiba, na hakuna harusi wala msiba wa ploti yetu uliopikiwa kwingine. Mama akashikilia iende Mombasa, kwa sababu kule akina Halima wanapika kwa watu wengi. Mama Halima akashikilia iende Eldoret, kwa sababu kule kuna nafasi ya kuiweka. Walibishana mpaka wakaanza kutajana kwa majina yao ya kuzaliwa, jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. Mwisho Mama Halima akatoka nje, akamwita mwanamke anayeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale kona, akamwambia achukue. Yule mwanamke alishukuru mpaka akapiga magoti. Sufuria ikatoka mlangoni kwa ubavu.

Wote wawili wakakaa chini. Walikuwa bado wamekaa nilipoondoka.

Leo asubuhi pikapu ya Wekesa ilifika mapema. Vitu vya Mama havikuijaza hata nusu. Kitanda, kiti chake, masanduku, mashine ya kushonea, picha ya Baba akiwa na sare ya reli. Wekesa alifunga turubai polepole, akifungua fundo na kulifunga upya, na nikajua naye hataki kumaliza.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alizunguka chumba akigusa ukuta, nikadhani ni kwa ajili ya mguu. Kisha nikaona anagusa mahali mahususi: pale penye alama za urefu wetu, pale penye msumari wa kalenda, pale palipotoka rangi kwa sababu Baba alikuwa akiegemeza kichwa hapo jioni. Akafunga mlango mwenyewe. Akanipa ufunguo bila kuniangalia.

Mama Halima alikuwa amesimama uwanjani, amejitanda mtandio mpya wa kijani.

Walikuwa wamekubaliana wasilie. Niliwasikia jana wakiahidiana. Kwa hivyo walisimama wakashikana mikono yote miwili, na wakaanza kuzungumza mambo ya kawaida kabisa, kama watu wanaoachana kwa ajili ya kwenda sokoni.

"Barabarani usinywe maji baridi," Mama Halima akasema.

"Sinywi. Na wewe dawa ya asubuhi usiinywe bila kula."

"Nitakula."

"Ni ile ya kifuniko cheupe. Ya bluu ni ya jioni. Mwambie Halima akufungie uzi kwa ile ya jioni ndiyo uijue kwa mkono."

"Atafunga."

"Mombasa kuna joto. Usilale mlango wazi."

"Na wewe kule kuna baridi. Vaa soksi mbili."

Wakaishiwa. Nilimwona kila mmoja akitafuta kitu kingine cha kumkataza mwenzake.

Kisha Mama akasema, "Niombee, Mama Halima."

Mama Halima akainua viganja. Mama akafumba macho, akainamisha kichwa kama kanisani. Sikuyaelewa maneno, yalikuwa ya Kiarabu na mengine Kiborana, lakini nilisikia jina la Wekesa, na langu, na la Nanjala, na jina la Baba. Alipomaliza, mmoja alisema amin na mwingine akasema amina, pamoja.

Wekesa alikuwa amegeukia ukuta.

Tulimpandisha Mama kwenye kiti cha mbele. Gari lilipowashwa hakupunga mkono. Alikaa amenyooka akiangalia mbele, kama anavyokaa kwenye mazishi. Pikapu ikatoka kwenye lango, ikakata kona ya kwenda Jogoo Road, ikapotea.

Mama Halima alisema, "Haya." Akaingia ndani.

Sikuweza kurudi Kware. Halima anafika kesho asubuhi kumchukua mama yake, kwa hivyo nikajiambia nibaki nimsaidie kufunga vilivyobaki. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu yeyote aachwe pale peke yake siku ya leo, yeye wala mimi. Tulikunja mapazia. Tulifunga vikombe kwa magazeti. Kila mara alikuwa akitokeza mlangoni akitazama ng'ambo, anasimama kidogo, anarudi. Mara moja alianza kuita, "Mama We—" akaishia hapo. Akanigeukia akaniambia alitaka kuuliza kama kuna uzi.

Nilitoka nikaenda dukani kununua uzi. Uzi ulikuwepo ndani. Nilihitaji kutembea tu.

Njiani nilifikiria jambo ambalo naona aibu kuliandika. Pikapu ilipokata ile kona, kabla ya huzuni, nilihisi mzigo unanitoka mabegani. Miezi hii yote nimekuwa nikiamka na hofu kwamba Mama ameanguka tena na mimi niko Baba Dogo sisikii simu kwa sababu ya kelele za mashine. Sasa kuna mtu mwingine wa kuamka na hiyo hofu. Nafuu hiyo ilikaa kama pumzi moja, kisha ikaja ile huzuni ambayo haijatoka mpaka sasa. Sijui kama mtu anaweza kumpenda mama yake na bado akahisi hivyo. Naandika nijue kama kuna mwingine.

Alasiri simu yangu ililia. Wekesa. Wamefika salama, barabara haikuwa mbaya, Mama amekula kidogo, watoto wamemwimbia. Kisha akasema, "Hebu zungumza naye."

Mama hakuzungumza nami sana. Aliniuliza kama niko ploti. Nikasema niko. Akasema, "Nipe huyo."

Nikampa Mama Halima simu. Yeye huishika mbali na sikio na kupiga kelele, kwa hivyo nilisikia yote.

"Mama Wekesa! Umefika?"

"Nimefika."

"Umelala njiani?"

"Nililala kidogo pale Nakuru."

"Mguu?"

"Mguu uko sawa."

"Na chumba je? Wekesa amekutengenezea vizuri?"

"Vizuri sana. Kuna dirisha kubwa. Naona sukuma wiki kutoka kitandani."

"Alhamdulillahi. Na Eldoret yenyewe? Kukoje huko?"

"Ni kuzuri," Mama akasema. Kisha akarudia, "Ni kuzuri, Mama Halima. Ni kuzuri sana."

"Haya, mshukuru Mungu. Pumzika sasa. Nitakupigia nikifika Mombasa nikueleze ya huko."

"Nieleze."

"Nitakueleza."

Simu ikakatika. Mama Halima alinirudishia, akaendelea kukunja pazia alilokuwa akilikunja. Nikamwambia, kwa kutaka kumfurahisha, "Afadhali. Angalau amepapenda."

Alilikunja lile pazia mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono.

"Mama yako amenidanganya," akasema. "Tangu nimjue, kitu akikipenda hakisemi mara mbili."

Kisha akakaa juu ya sanduku, akajifunika uso kwa mtandio, na akalia. Ahadi waliyokuwa wamepeana ilikuwa ya kutolia mbele ya mwenzake. Nilikaa kando yake. Nilimshika mkono tu, mpaka adhana ya magharibi ikasikika, akainuka kwenda kutawadha.

Sasa anaswali chumba cha pili. Mimi nimekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, naandika kwa simu. Kupitia mlango naona ule mlango wetu umefungwa, na ni mara ya kwanza maishani naona jioni hakuna taa upande ule.

Nimeamua jambo moja, na nitaliandika hapa ili nisilikwepe. Kila Jumapili baada ya kanisa nitampigia Mama, kisha nimpigie Mama Halima, niunganishe simu zote mbili ziwe moja. Halafu nitaiweka simu mezani na kunyamaza. Niwaache waulizane wamelalaje.

Halima atafika na basi la asubuhi. Nitalala hapa leo, ili mama yake akiamka awe na mtu.